Ukurasa Uliokanyagwa

Kilindo, mtunzi wa riwaya, aliupiga teke mlango wa darasa la wasioona, akamkwida mwalimu wao, Siwema, kipofu kama wao.

"Nani kakuruhusu kunakili kitabu changu?"

"Sheria, bwana. Nakala za sisi vipofu haziombewi ruhusa."

Akamzaba kibao. Siwema akaanguka, pua ikimvuja damu. Kilindo akayakanyaga makaratasi ya nakala yaliyotawanyika sakafuni kama mtu anayeua siafu, mpaka nukta za breli zilizotuna, zinazosomwa kwa vidole, zikalala.

Siwema akapapasa sakafu, akaokota ukurasa, akausoma kwa kidole: "Mama alinishika mkono, akaniambia..."

Kidole kikafika penye alama ya kiatu, kikasimama.

"Hapa alikwambia nini?"

Kilindo akainama, akazikodolea macho nukta zilizolala. Kidole kikaendelea kumngoja, damu ikidondokea ukurasani.