Meza ya Sebuleni

"Chukua hii ya mkononi, mama," muuza duka alimshauri Nyamizi. "Ile mashine kubwa ya kujazia baruti kwenye maganda ya risasi ni nzito, tena lazima ifungwe mezani. Hata marehemu mumeo hakuthubutu kuinunua."

"Marehemu alikuwa akipika. Aliyewinda ni mimi. Nipe hiyo kubwa."

Nyumbani aliwakuta shemeji zake wakinywa chai sebuleni, bunduki yake imelazwa katikati ya meza.

"Bunduki ya kaka inakwenda kwa mwanamume," alisema mkubwa wao.

Nyamizi akaitua mashine mezani, akashika keekee ya kutobolea matundu ya kuifungia.

"Shikeni vikombe vyenu, shemeji."

Wakavidaka kwa mikono miwili. Keekee ikauma mbao, meza ikatetemeka, na bunduki ikaanza kuteleza taratibu upande wa Nyamizi.