Miguu ya Alhamisi Kuu

Padri alikuwa amemchagua Severini awe mmoja wa wanaume kumi na wawili atakaowaosha miguu kwenye misa ya jioni. Kwa hiyo Severini alikaa uani akiisugua miguu yake kwanza katika beseni, kwa maji ya mwisho yaliyokuwamo nyumbani, padri asije akakutana na uchafu.

"Sasa padri ataosha nini?" alicheka kaka yake Elkana, ambaye ni Msabato. "Yesu alisema tuoshane sisi kwa sisi. Kwetu kila mtu humwosha mwenzake kabla ya Meza ya Bwana."

"Aliwaambia mitume. Ndiyo maana anaosha padri."

"Soma Yohana vizuri, wewe!"

"Nilimsoma kabla hujahama kanisa!"

Mama yao aliingia kutoka shambani, matope yamemganda hadi kwenye vifundo vya miguu. Akaketi kizingitini, akasubiri. Wanawe waliendelea kubishana, sauti zikipanda. Mwishowe mama akalivuta lile beseni, akatumbukiza miguu katika maji machafu ya mwanawe.

Severini akaziona nyufa za visigino vya mama. Alipiga magoti, akaingiza mikono majini, na Elkana akainama pembeni yake. Lakini mama alikuwa ameshaitoa miguu na kuifunika kwa kanga.

"Acheni, wanangu, mimi nimezoea. Severini, utachelewa misa."

Kengele ya kanisa ikalia. Severini hakuinuka. Mikono yake ilibaki ndani ya beseni, na nyuma yake nyayo zake zilizotakata zilitazama juu.