Somo Alilolichagua Mzee Shekiondo

Kila aliyetimiza miaka sabini alipaswa kujifunza jambo moja jipya kila mwaka. Aliyeshindwa mtihani alihamishiwa Nyumba ya Uangalizi, na mwenzi wake akabaki peke yake. Ndiyo maana Bi Namkunda, mwalimu mstaafu, alikuwa amechoka na mumewe.

"Baba Mbelwa, miezi minne mikubwa tu ya sayari ya Mshtarii, nakufundisha tangu masika! Hata kuku angekwisha kuikariri!"

"Basi mpeleke huyo kuku akatahiniwe," alijibu Mzee Shekiondo, akipuliza chai yake.

Saa nne kamili mtahini wa mashine aliyefungwa ukutani akawaka. "Mzee Shekiondo, mwaka huu umejifunza nini?"

"Nimemsoma mke wangu."

Bi Namkunda alikaribia kupiga meza. Muda wote ule wa kumfundisha, na mzee huyu analeta mzaha!

"Eleza," alisema mtahini.

"Ametia chumvi katika chai mara tatu. Jumatatu alihangaika kufungua mlango wa jirani kwa ufunguo wetu. Nimejifunza kumfuata nyuma polepole, asijue, mpaka afike nyumbani."

"Umefaulu."

Mzee aligeuka akitabasamu, kama mwanafunzi anayengoja sifa.

"Bi Namkunda," mtahini aliendelea kwa upole, "sogea mbele. Mtihani wako utafanyika leo."

Bi Namkunda alimgeukia mumewe kwa hasira, akafungua kinywa amkemee kwa jina lake, na jina likachelewa kuja.