Vikopo vya Kijani

Siku hizo, kwa mgao wa gesi, majiko yaliwaka Jumapili tu, mtaa mzima, na kila nyumba ilipika siku hiyo ikagandisha chakula cha wiki. Mwanahawa alishazoea. Mbaazi za nazi zikiiva, alimpakulia kwanza mumewe, Shekue, katika vikopo vyake vya kijani, maana presha ilimkataza chumvi. Ndipo alipotia chumvi kwenye zilizobaki sufuriani, zake na za binti yao Zena.

Shekue alizikwa Alhamisi. Jumapili moto ulipokuja, Mwanahawa alipika, mikono iko jikoni, mawazo hayapo.

Jumanne Zena alirudi kazini hoi. Akatoa kikopo cha kijani kwenye friza, akidhani sasa ni kikopo tu, akakiyeyusha kwa maji ya moto ya tangi linalopashwa na jua. Akaonja.

"Mama, hizi hazina chumvi."

Mwanahawa alifungua friza. Vya kijani vilikuwa vimejipanga humo, vya wiki nzima.

"Nimempakulia baba yako," alisema, akakaa pale pale sakafuni.

Zena akaleta chumvi. "Tutie tu, mama, tule. Zetu peke yake hazitatufikisha Jumapili."

"Wewe tia. Mimi niachie hivyo hivyo."

Zena akatia chumvi kwenye zake, wakala.

Jumapili iliyofuata mbaazi zilipoiva, Mwanahawa alivifuta vikopo vya kijani, akavijaza kimoja kimoja kabla ya kugusa chumvi. Zena alifungua mdomo amkumbushe. Mama yake akamtazama, na Zena akaelewa kwamba safari hii hakuwa amesahau.