Harufu ya Mtungi wa Mama

Bwana Zepeda aliupindua mtungi, akaugonga kitako kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

Otilia, aliyesimama mlangoni mikono kifuani, uvumilivu ulimwishia. "Mbona unanyamaza, bwana? Wewe sema tu. Hapa hakuna mgonjwa wa moyo."

"Dada, mwache mtu afanye kazi yake," alisema Fermín, mdogo wake. "Hata kahawa hajanywa."

Otilia alimtupia jicho. Utulivu ule ulimtia shaka. Fermín ndiye aliyemwita mthamini kutoka Guadalajara, na alipoulizwa akasema ametumwa na mama. Mama! Mtungi ulikaa rafuni vizazi vitatu bila kupimwa na mtu, leo upimwe wa nini? Huyu ana lake jambo, Otilia alijiambia.

Mama yao, Doña Herlinda, alikuwa kwenye kiti chake cha ngozi, macho yaliyoingia ukungu yakiuelekea ukuta. Alikwishakata shauri: mthamini akitoa neno lake, mtungi ungekuwa wa Fermín, kwa kuwa yeye ndiye aliyerithi brashi za babu za kuchorea mitungi. Otilia, kifungua mimba, aliyemwogesha mama na kumsuka nywele kila Jumamosi, angeachiwa masufuria. Jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Lakini leo alikuwa na hakika. Mtungi ule, usiozidi ukubwa wa boga, ulikuwa bandia. Tangu Kwaresima ule wa kweli haukuwa tena rafuni, na wa kulaumiwa alikuwa mtu mmoja tu. Nani aliyelala nyumba moja na mtungi? Nani aliyeuza nakala zake sokoni kila Alhamisi, ua kwa ua, pamoja na nahuali aliyechorwa tumboni mwake, paka wa kichawi mwenye kicheko cha kufika masikioni? Hata mtoto angejumlisha.

"Tangu Kwaresima, miezi mizima, maji hayakuwa na harufu," mama alisema ghafla. Kila asubuhi alikunywa kikombe kimoja kutoka mtungini, maana udongo ule wa zamani huyatia maji harufu ya mvua ya kwanza. "Mkaniambia ni uzee."

"Ni uzee, mama," alisema Otilia upesi.

"Basi uzee wenyewe umenihurumia ukaenda zake. Siku hizi naisikia harufu vizuri." Mama aligeuza uso upande wa mlango. "Otilia, zile tamali nilizokuletea sikukuu ya Mtakatifu Santiago, mlizimaliza?"

Otilia nusura acheke. Mwezi Julai mama alikuja kulala kwake baada ya ngoma za sikukuu, amekumbatia kikapu kikubwa kilichofunikwa shali, hataki kupokewa. Otilia akampisha kwenye kitanda chake mwenyewe. Kumbe kikapu chote kile, tamali zenyewe, vile vipande vya unga wa mahindi vilivyofungwa kwenye maganda, hazikutosha kumshibisha kuku!

"Tulizimaliza, mama. Zilikuwa chache."

"Zote? Hebu katazame vizuri."

Bwana Zepeda alikuwa ametoa kioo cha kukuzia, akifuata sharubu za nahuali moja baada ya nyingine. "Brashi ya nywele za mbwa," alinong'ona. "Na mkono haukutetemeka hata mara moja."

"Na huyu anatumia hizo hizo!" Otilia alidakia, akimnyooshea Fermín kidole. "Mbwa mwenyewe yule pale uani, mkia umebaki kipara! Bwana, tusizungushane. Mtungi huu ni bandia, na aliyeubadilisha ni huyu anayekula mezani kwa mama yangu!"

Fermín alisimama. "Mimi, dada? Mimi nimwibie mama?"

"Muulize mthamini!"

Mthamini alimimina maji ndani ya mtungi, akangoja, akainama, akatia pua mdomoni mwa mtungi. Otilia alisikia moyo wake ukidunda kwa furaha, na hakuona haya.

"Udongo huu," alisema Bwana Zepeda alipoinuka, "ulichimbwa mahali ambapo leo pana kituo cha petroli. Hakuna awezaye kuuiga, hata afuge mbwa mia. Ndio mtungi wenyewe, Doña Herlinda. Kwa bei yake mtu atanunua nyumba hapa Tonalá na fedha za kuezekea paa zimbakie."

"Haiwezekani," alisema Otilia. "Nusa tena."

"Nimenusa, señora."

"Nakwambia nusa tena!"

Fermín alimtazama dada yake kwa huzuni zaidi kuliko hasira. Doña Herlinda alinyoosha kikombe chake. "Nitilie maji, mwanangu," alimwambia kijana wake, na sauti yake ilikuwa laini kabisa.

Otilia hakuaga. Alivuka mtaa mbio, nusura agongwe na baiskeli ya muuza mikate, akaingia kwake na kukomea mlango. Alipiga magoti, akavuta kutoka uvunguni furushi la blanketi alilolificha tangu Kwaresima, akalifungua. Nahuali alimchekea. Otilia akatumbukiza mkono ndani ya mtungi, na vidole vyake vikagusa tamali moja, imekauka kama jiwe, bado imo kwenye ganda lake la muhindi.