Mwanga Kwenye Skwea

Fundi Shomari alikaza bolti za meza ya mashine ya kutobolea mbao, akaisimamisha juu yake skwea, kile kipimo cha pembe mraba, akaisogeza mpaka ikagusa biti, chuma kinachotoboa. Akainama, akachungulia, kama alivyofanya miaka yote. Mwanga ukipenya kati ya skwea na biti, meza imeinama, na kila tundu litakwenda kombo.

"Njoo ushuhudie, Mama Saumu," alimwita mkewe, Mwasiti, aliyekuwa akipiga msasa miguu ya viti. "Hata mwanga haupenyi."

Mwasiti aliinama kando yake. Mwanga ulikuwa ukipenya wazi kabisa, upana wa ukucha. Akamgeukia mumewe. Macho ya Shomari yalielekea kwenye skwea, lakini hayakuwa yakiona kitu. Ndipo alipoelewa kwa nini viti walivyoitengenezea madrasa vilirudishwa vikiyumba, na kwa nini siku hizi Shomari humshika bega wakivuka barabara, akisema ni mapenzi tu.

"Kweli, haupenyi," alisema.

Shomari akawasha mashine. Mkono wake wa kushoto ukaanza kupapasa ubao, ukitafuta alama ya penseli, ukiisogelea biti inayozunguka. Mwasiti akaudaka, akauweka pembeni. Akaushika ubao yeye mwenyewe, akaileta alama chini ya biti.

"Mimi nimeshika, Baba Saumu. Wewe shusha tu."

Shomari aliushika mpini wa kushushia biti. Hakushusha.

"Mwasiti," alisema polepole, "vidole vyako viko wapi?"

Mashine iliendelea kunguruma katikati yao.