Kibao cha Jenerali Ambakisye

Siku hizi serikali husimika vibao vya kumbukumbu mapema, watu mashuhuri wakiwa bado wachanga, na hakuna kibao kilichowahi kukosea. Tumpale alikikuta kimoja kando ya barabara, mbele ya nyumba yake, mwanawe Ambakisye akiwa amelala mgongoni: “Hapa ndipo alipokulia Jenerali Ambakisye. Alilelewa na shangazi yake, Subilaga.”

Alikisoma tena akitafuta jina lake. Halikuwapo.

Jioni Subilaga, dada wa mumewe, alishuka kwenye basi na begi kubwa.

“Umekuja kututembelea, wifi?”

“Nimekuja kukaa. Wewe pumzika, leo napika mimi.”

Chakula kilipotengwa, Tumpale hakunyoosha mkono.

“Mbona huli?”

“Anza wewe, wifi.”

Subilaga alitabasamu, akampakata mtoto. Sahani yake hakuigusa.